Studebaker ya Baba na Mbuzi wa Kalamba

Hivi majuzi nilialikwa harusi Machakos, na bwana harusi alikuwa amekodi gari la zamani la kumbeba bibi harusi, gari la rangi ya maziwa lililofungwa utepe kwenye boneti. Wageni walipokwenda kupiga picha na maharusi, mimi nilibaki nyuma nikainama dirishani kuchungulia viti. Jua lilikuwa limepiga ndani tangu asubuhi. Ile harufu iliponiingia, ya ngozi bandia iliyoiva kwa joto, petroli kidogo na vumbi la miaka, nilishika mlango nikaanza kulia. Dereva akaja mbio akaniuliza kama mimi ndiye mama wa bibi harusi. Nikamwambia hapana, ni kwamba kwetu kulikuwa na gari kama hili. Akanipa kitambaa chake, akaenda kusimama kando, nami simlaumu.

La kwetu lilikuwa Studebaker. Najua wengi wa rika langu mtatikisa kichwa, maana sisi tulikua na Peugeot na Datsun, na hata hizo tuliziona kwa nadra. Studebaker ilikuwa gari la Kimarekani, zito, lenye pua ya chuma ya mviringo katikati ya uso, mfano wa ndege iliyokatwa mabawa. Babu yangu mzaa baba alilinunua kwa Mhindi mwenye duka kwenye barabara ya Mombasa, wakati Mhindi huyo alipokuwa akihama nchi. Babu alipofariki alimwachia baba yangu vitu viwili: shamba la Kanyangi na hilo gari. Baba akakipenda kile ambacho hakikuhitaji mvua.

Lilipokuwa zima lilikuwa gari la harusi. Kutoka Kanyangi hadi Kwa Vonza, mtu aliyetaka bintiye aonekane alimtafuta Baba. Mama mwenyewe alitolewa kwao Kalamba, ng'ambo ya mto Athi, akiwa amekaa kiti cha mbele cha Studebaker na vumbi jekundu likimfuata nyuma. Viti vilipochakaa Baba alivijaza makonge na kuvishona upya kwa mkono, kwa hiyo ukikaa juani vilinukia kamba mbichi. Mpaka leo nikipita mahali wanapoanika makonge napunguza mwendo.

Baba alinisimulia habari za gari lile jinsi watoto wengine walivyosimuliwa habari za Musa. Alisema walioanzisha kampuni walikuwa ndugu, wahunzi, huko Amerika, na kwamba walianza kwa kutengeneza mikokoteni ya kukokotwa na farasi na ng'ombe, kabla gari lolote halijaonekana duniani. Hapo nilimwelewa vizuri sana. Mikokoteni tulikuwa nayo. Niliwaona wale Wamarekani wakiwa wamepanga foleni kisimani na mitungi yao ya maji, wakigombana kama sisi. Baadaye mikokoteni ikawa magari, na magari yakapendwa, kisha kampuni ikaishiwa nguvu na kiwanda kikafungwa, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Kwangu mimi kiwanda kilikuwa kinu cha kusaga mahindi pale sokoni, ambacho kilifungwa kila mwenyewe alipokwenda mazishini na kufunguliwa aliporudi. Nikamuuliza Baba hao watu watarudi lini kutoka mazishini. Alicheka akashika tumbo. Namkumbuka sana kwa kicheko hicho kwa sababu mwaka ule hakucheka tena.

Sasa Baba hayupo na gari ni langu. Liko Kanyangi chini ya mabati, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Baada ya kumzika niliandika jina la gari kwenye simu, nikagundua kumbe duniani kuna watu wengi wenye Studebaker, na wana kikundi chao mtandaoni. Wanaandika habari za vipuri kama watu wanaotafuta jamaa waliopotea: huyu amepata taa kwenye ghala la shamba, yule amengojea mlango miaka na miaka, mwingine ametoa pampu ya trekta akaifunga na inafanya kazi. Niliwaandikia kwamba hata baba yangu alifanya hivyo hivyo, Ukambani, bila kuelekezwa na mtu. Wakafurahi, wakaomba picha. Halafu bwana mmoja akaandika kwa mzaha kwamba mkewe alimwambia achague moja, yeye au gari, na kwamba bado anamkumbuka mkewe siku mojamoja. Wenzake wakacheka. Mimi nilizima simu nikaenda kupika.

Mama aliondoka mwishoni mwa masika. Pampu ya maji ya gari ilikuwa imekufa kwa uzee, na Baba alikuwa chini ya gari mvua ilipoanza, na alikuwa bado chini ya gari mvua ilipokuwa ikielekea kwisha. Mama alilima peke yake, akapanda peke yake, akapalilia peke yake. Hakupiga kelele. Mama yangu alikuwa mtu wa kwaya, sauti yake aliiweka kwa ajili ya Jumapili. Asubuhi moja aliniogesha kuliko kawaida, mpaka nyuma ya masikio, akanipaka mafuta, akachukua kikapu chake akaniambia anaenda kwao kusalimia. Aliinama kidogo kando ya gari akamwambia Baba vivyo hivyo. Baba akajibu kutoka chini kwamba awasalimie sana.

Siku zikapita, na Mama hakurudi. Nilipomuuliza Baba, alitoka chini ya gari, akajifuta mikono, akachuchumaa mbele yangu. "Mama yako nilimleta na hii gari," akasema. "Siwezi kwenda kumchukua na miguu kama mtu ameshindwa. Gari ikipona tunaenda mimi na wewe, tunamrudisha vile alikuja." Nilimwamini kabisa. Tangu siku hiyo nilijua kitu kimoja tu cha kuomba wakati wa sala, nacho kilikuwa pampu ya maji.

Mwanzoni akina mama wa kanisani walituletea chakula. Walikuwa wakifika na bakuli la isyo, mahindi na maharagwe, lililofunikwa kwa kitambaa, wakimtazama Baba kando kando, wakiniuliza kama nimeoga. Kisha wakapungua, kisha wakaacha. Nikajifunza kuwasha moto. Baba alisafiri Kwa Vonza, akaenda Machakos, akafika mpaka Nairobi kwa wauza vipuri, na kila mahali waliambiana jina la gari wakacheka. Alirudi jioni na mifuko mitupu akaingia tena chini. Alipika siku moja moja. Siku nyingi nilikula mwenyewe, nimekaa juu ya jiwe karibu na gurudumu, nikizungumza na miguu yake. Hivyo ndivyo nilivyoishi msimu ule, kwa kuzungumza na miguu. Niliijua kuliko uso wake: ufa wa kisigino cha kushoto, kucha iliyopondwa na jeki, namna vidole vilivyojikunja alipokuwa akikaza nati. Nikisimulia mambo ya shule, kidole gumba kilitikisika kuonyesha anasikia. Nilikuwa mpweke, sasa naweza kulitaja neno hilo. Wakati ule nilidhani ni njaa.

Ndipo mbuzi akaja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mjomba Kioko, mdogo wake Mama, alitokea njiani akiwa ameshika kamba, na mwishoni mwa kamba alikuwa mbuzi wa kahawia mwenye doa jeupe shingoni. Mjomba alikuwa amefuatana na mzee mmoja wa kwao nisiyemjua. Nilimkimbilia mjomba wangu, akanishika kichwa lakini hakunibeba, na mimi nilizoea kubebwa. Niliwaletea viti, hawakuketi. Niliwaletea maji ya kunywa, mzee akasema wamekunywa njiani. Kutoka Kalamba mpaka kwetu ni mwendo wa kumaliza mtu, na midomo yao ilikuwa mikavu.

Mjomba akasimama mbele ya ile miguu. "Shemeji," akasema, "mzee wa boma amenituma nikuletee hii mbuzi."

Miguu ikaacha kutikisika. Nakumbuka spana iligonga chuma mara moja. Mjomba akangoja. Yule mzee akatazama pembeni. Nikawa najiuliza mbona Baba hatoki awaamkie wageni, yeye aliyekuwa akinichapa nikimpita mtu mzima bila kumsalimu.

"Ifunge hapo," sauti ya Baba ikasema.

Mjomba alimfunga mbuzi kwenye mwarobaini wa uwanjani, akanishika kichwa tena, wakaondoka. Baba alikaa chini ya gari mpaka kuku walipoanza kutafuta mahali pa kulala. Alipotoka hakumtazama mbuzi. Aliosha mikono muda mrefu sana.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Kwetu mbuzi alikuwa mnyama wa kumpokea mtu. Akija jamaa aliyepotea siku nyingi, mbuzi anachinjwa. Akitoka mtu hospitali, mbuzi anachinjwa. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Mama ametanguliza mbuzi, atafuata mwenyewe, na siku hiyo kutakuwa na nyama. Niliona hata Baba hana akili, kukaa kimya na habari njema kama hiyo. Nilimchukua mbuzi yule kama mgeni wangu. Nilimwokotea maganda ya mgunga, nikampa makapi ya mahindi, nikamwondoa kwenye mvua, maana mvua za vuli zilikuwa zimeingia. Nilikuwa naweka pua kwenye manyoya yake kutafuta moshi wa jiko la akina Mama. Wakati mwingine niliupata. Nikamwambia mbuzi mambo ambayo nilikuwa nikiiambia miguu, na yeye angalau alinitazama machoni.

Baba alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alipata pampu ya trekta lililokuwa limeachwa kwenye shamba la mtu, akakata bamba la jembe la kukokotwa na ng'ombe ili aunganishe vyuma visivyojuana. Alipasha moto, akagonga, akapima kwa kamba, akatupa, akaanza tena. Jembe lile ndilo tulilokuwa tukilimia. Sikuliwazia jambo hilo siku ile. Shamba lilikuwa limeshikwa na magugu kufika kifua changu, na mimi niliona ni pazuri pa kujificha.

Siku gari lilipowaka nilikuwa nachota maji. Nilisikia mngurumo kutoka ng'ambo ya korongo nikaangusha mtungi. Baba alikuwa amesimama kando ya boneti iliyo wazi, mkono juu ya chuma kama daktari, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. Akaniambia nikaoge, kesho tunaenda Kalamba.

Alivaa koti lake la harusi. Mimi nilivaa nguo ya Jumapili ambayo sasa ilinifika juu ya magoti. Kisha akafanya jambo lililonifurahisha kupita yote: akamfungua mbuzi, akamwinua, akamweka kiti cha nyuma juu ya gunia. Nikajua mbuzi anaenda kurudi na Mama, tule pamoja. Aliponifungulia mlango wa mbele nilikataa, nikakaa nyuma na mbuzi, kwa sababu kiti cha mbele ni cha bibi harusi. Baba alinitazama kwenye kioo.

Tulivuka Athi mahali maji yalipokuwa machache. Gari lilichemka kidogo kwenye mlima wa kwanza, tukasimama, tukangoja, likaendelea. Baba aliimba nyimbo za kanisa chini chini. Watu walisimama mashambani wakapunga mikono, na mimi niliwapungia kwato ya mbuzi. Tulipoingia boma la akina Mama watoto wote wa Kalamba walikuwa nyuma yetu, na nilijiona mtu mkubwa.

Babu mzaa mama alikuwa ameketi nje na Mjomba Kioko. Hawakuinuka. Baba alitoa kofia, akasalimia kwa heshima ya mtu anayesalimia wakwe, akabaki amesimama mbali kidogo. Kisha akamshusha mbuzi, akanipa mimi kamba, nikamleta mbele.

"Mzee," akasema, "nimekuja kuchukua mtu wangu. Na hii mbuzi yenu nimerudisha."

Babu alimtazama mbuzi kwa muda. Alikuwa amenona, nilimlisha vizuri. "Muthoni," akasema, neno tunalomwitia mkwe, "mbuzi ya kukataa mtu inajibiwa siku imeletwa. Kama hutaki, unaamka hapo hapo, unasema hapana, unairudisha na walioileta. Wewe hukutoka hata chini ya gari. Ulisema ifungwe. Imekula kwako, mvua imeinyeshea kwako. Sasa unarudisha nini?"

"Gari ilikuwa mbovu, mzee."

"Mimi sikuuliza gari," Babu akasema, bila ukali wowote.

Hapo ndipo nilipoelewa mbuzi alikuwa nani. Sikuelewa yote, lakini nilielewa vya kutosha kuachia kamba. Nilikuwa nimemlisha kwa mikono yangu, nimemfunika mvua, na kumbe alikuwa amekuja kusema kwamba Mama amemkataa Baba. Nilitaka kumpiga teke. Yeye akaanza kula majani ya boma alikozaliwa, kama mtu aliyefika kwao.

Mama akatoka jikoni. Alikuwa amenenepa kidogo na alifunga kitambaa kipya. Alinishika, akaninusa shingo, akakagua nyuma ya masikio yangu, akafumba macho. Kisha akamgeukia Baba. Lazima niseme Baba alikuwa mzuri siku ile, na koti lile, na gari lile likimetameta nyuma yake.

"Baba Mwende, uko salama?"

"Niko salama. Nimeitengeneza, Mama Mwende. Mimi mwenyewe. Twende nyumbani."

Mama aliliangalia gari. Aliliangalia vizuri, kwa haki, kama anavyoangaliwa mtu unayemfahamu. "Siku ile Kioko alirudi," akasema, "nilikaa kwa ile njia mpaka giza. Nilijua utakuja nyuma yake na hiyo mbuzi. Nikakaa tena siku ya pili. Ungetokea hapo na miguu, na vumbi, na kiatu imekatika, ningechukua kikapu turudi pamoja hiyo hiyo saa."

"Nilitaka nikurudishe vile nilikuleta."

"Najua," Mama akasema. "Kwaheri, Baba Mwende."

Nimeshaona wanaume wakilia, nimewaona wakipiga ukuta, lakini sijaona tena mtu aliyesimama vile alivyosimama Baba, ameshika kofia mbele yake kwa mikono miwili kana kwamba ina maji.

Mimi nilikuwa wa upande wa Baba. Ndivyo desturi ilivyosema, mahari ilikuwa imetoka, na hakuna aliyeniuliza. Mama aliahidi kwamba nitakuja kila shule zikifungwa, na kweli nilikuja, na mpaka leo nikitaka kula vizuri naenda Kalamba. Lakini siku ile alinishika mkono mpaka kwenye gari. Nilifungua mlango wa nyuma. Aliufunga. Akafungua wa mbele, akaniinua, akanikalisha, akaivuta nguo yangu ifike magotini ijapokuwa haikufika, akafunga mlango taratibu mpaka ukalia kidogo. Mjomba akamrudisha mbuzi kiti cha nyuma, kwa kuwa alikuwa wetu.

Miguu yangu haikugusa chini. Kiti cha mbele kilikuwa kipana, kingetosha mimi watatu. Nilitazama kioo cha pembeni, nikamwona Mama amesimama barabarani, kisha nikaona vumbi tu. Mbuzi alilia nyuma yetu mwendo mrefu. Baba hakuimba. Nilitaka kumwuliza mengi, lakini uso wake ulikuwa mgeni kwangu; nilikuwa nimezoea miguu.

Tulishuka mpaka mtoni, tukavuka. Tukaanza kupanda mlima wa upande wetu, mkali kuliko ule uliolichemsha gari asubuhi, na mimi nikangoja mvuke utoke tusimame. Haukutoka. Gari lilipanda bila kukohoa, bila kutetemeka, likivuta kama siku ya kwanza lilipotoka kwa hao ndugu wahunzi. Tulipofika juu, Kitui yote ikiwa mbele yetu, Baba aliinamisha kichwa kusikiliza. Akaendesha hivyo kwa muda. Kisha, bila kunitazama, akauliza:

"Unaisikia, Mwende? Imepona kabisa."

Nikamwambia naisikia. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia.